Sheria ya Jasho

Mwenye boda aliyenibeba kwenda Nyanchwa Sabato moja alinisimulia habari zangu mwenyewe. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala. Tulipoanza kupanda kilima akaniambia kuna kipa mmoja mwanamke hapa Kisii aliyeuza mechi mchana kweupe: kona ilipigwa, yeye akageuza kichwa akatazama pembeni kama mtu anayengojea gari. Nikamwacha amalize. Kwenye lango la kanisa nikashuka, nikamwambia, "Huyo kipa ni mimi."

Aliniangalia, akamwangalia mtoto, akaniangalia tena.

"Woi, madam," akasema. "Kumbe ni wewe ulinichania mkeka."

Kisha akadai nauli yake yote. Nilimlipa, nikaingia, nikaimba. Hasira ninayo, mtu asidanganyike, ninayo ya kutosha kata nzima. Ila imekaa chini kabisa kama mchanga kwenye mtungi, na juu yake maji yametulia tu. Naandika haya kwa sababu nimechoka kusimuliwa na watu wa boda. Bao nilifungwa. Kichwa kiligeuka. Hayo mawili ni kweli, na katika yote yanayosemwa ndiyo peke yake yaliyo kweli.

Mkeka, kwa asiyejua, ni hivi: vijana huweka dau kwa simu kwenye mechi nyingi kwa pamoja, na moja tu ikienda kombo, mkeka wote umechanika. Timu yetu ya wanawake ilizoea kucheza mbele ya ng'ombe na watoto wa shule. Halafu siku moja tukaonekana kwenye simu, tumebanwa katikati ya timu za Ulaya na za nchi ambazo siwezi kuzitamka. Hakuna aliyetuuliza. Kuanzia hapo uwanja ukawa na watu, lakini hawakuwa wamekuja kututazama. Walitulinda kama mtu anavyolinda maziwa yaliyo jikoni yasimwagike.

Wachezaji kadhaa wa timu ya wanaume wakaanza kusemwa kwamba wanalegeza miguu kwa makusudi. Ndipo klabu ikaandika sheria, na aliyeiandika ni baba mkwe wangu. Yeye ni mwalimu mstaafu na katibu wa klabu, mtu wa koti hata jua likiwaka, mtu ambaye kanisani husahihisha Kiswahili cha mhubiri kimyakimya, midomo ikicheza. Tulikusanywa kwenye darasa la shule inayotuazima uwanja, akatusomea. Mchezaji atacheza kwa nguvu zake zote kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Hataweka dau, wala mtu wa nyumba yake hataweka dau kwenye mechi yake. Na mchezaji atakayeshukiwa kulegeza atajieleza, kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya kamati nzima. Asipojieleza, hachezi.

"Jasho," alisema akikunja karatasi. "Nataka kuona jasho. Mtu aliyetoka jasho hana kesi. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu."

Kocha akaiita sheria ya jasho, jina likashika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa ndani ya jaketi kubwa, kwa sababu mimba ilikuwa imeanza kuonekana na yule aliyesimama mbele ni baba wa mume wangu. Ile sheria niliipenda. Niliona ni ya watu wengine.

Hapa lazima nitaje chinsoni, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Wakisii tuna chinsoni. Ukisema ni aibu umekosea, ukisema ni heshima umekosea pia. Ni ua uliojengwa kati ya mzazi na mtoto, na ua mrefu kuliko zote ni ule ulio kati ya mwanamke na baba wa mume wake. Tata, ndivyo tunavyomwita baba, haingii nyumbani kwangu. Hatushikani mikono. Mimba yangu hakuiona, maana aliamua kutoiona. Hata miezi ya mwisho nilipokuwa natembea kama lori la majani chai lililojaa, nikipita yeye alikuwa anakagua migomba. Jambo lolote la mwili halitajwi kati yetu. Akitaka kuniambia kitu humwambia mke wake, na mke wake huniambia mimi, hata kama sote watatu tuko uani na nimesikia kila neno.

Na huyo mke wake tunamwita baba. Hapo ndipo Kiswahili hutuangusha. Kwa Kikisii baba ni mama. Darasa la tatu niliandika kwenye insha "baba yangu alinizaa hospitalini Nyamira", mwalimu akaisoma kwa sauti. Waliocheka ni watoto wa askari waliotoka nje ya Kisii. Sisi wengine hatukuona kichekesho, sote tulikuwa tumeandika hivyo hivyo. Ukifika kidato cha nne umeshajifunza kuyatenganisha. Lakini mtu akishtuka, akimwagikiwa na maji moto, ni lugha ya nyumbani inayotoka kwanza.

Nilirudi golini mtoto akiwa bado mchanga. Waliosema nimeharakisha hawakuniletea unga. Mume wangu yuko Nairobi kwenye kazi ya mjengo, tunamwona sikukuu. Kocha alikuwa amenidokezea kwamba timu moja ya askari inatafuta kipa, na kabla msimu haujaisha watakuja kututazama. Timu ya askari si mpira tu. Ukichukuliwa umeandikwa kazi: sare, nyumba, mshahara hadi uzeeke. Hakuna mtu aliyewahi kunipa sababu nyingine nzuri ya kukimbia kilima alfajiri, kifua kimekazwa kwa leso mbili.

Mechi yenyewe ilikuwa dhidi ya wasichana wa Nyamira, Jumapili, kwa maana Sabato wengi wetu hatuchezi. Baba alikuja na mtoto akakaa nyuma ya goli langu na mwavuli wake. Mpango ulikuwa ninyonyeshe wakati wa mapumziko. Mapumziko yakaliwa na kocha. Alichora mishale ubaoni, akaifuta, akaichora tena, na mimi macho yangu yako mlangoni. Filimbi ikalia. Tukabadilisha goli, baba akazunguka uwanja na mtoto wake na mwavuli wake, nami nikasimama pale kifua kimekuwa mafiga.

Tulikuwa sare Nyamira walipopata kona. Mpigaji akauweka mpira, akarudi nyuma, akainua mkono. Ndipo mtoto akalia. Kilikuwa kile kilio cha njaa, kile kinachokatika katikati kikitafuta pumzi. Nyuma yangu baba akasema kwa sauti, "Huyu anataka ziwa!" Na maziwa yakashuka. Huwezi kuyaambia yangoje kona ipigwe. Jezi ikalowa, maumivu yakanipasua hadi makwapani, na shingo ikageuka. Sikuigeuza mimi. Macho yaliporudi, mpira ulikuwa umeshanipita.

Refa alikuwa mtu wa Pwani, mwenye Kiswahili cha kunyooka. Akanijia. "Kipa, ulikuwa ukitazama nini?"

"Nilikuwa naangalia baba!" nikamfokea.

Alinitazama kidogo, akaondoka akiandika. Kule kwenye majani vijana walishaanza. "Umekula ngapi, mama?" "Nunulia mtoto daipa na pesa yetu!" Mmoja akavua kofia akaipitisha kwa wenzake kama sadaka, akisema ni harambee ya kipa. Wakacheka hadi mechi ikaisha. Tulifungwa bao hilo moja.

Kamati ikaniita. Tulikaa katika ofisi ya shule, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama veranda. Walikuwa wanaume watano: mwenyekiti anayeuza ndizi kwa jumla mjini, wajumbe wawili wa klabu, bwana mmoja aliyetumwa na ligi kutoka Nairobi, na katibu. Katibu ni tata. Alikaa pembeni kabisa, macho kwenye sakafu. Mimi nilipewa kiti katikati, nikakigeuza kidogo nisimwelekee.

Bwana wa ligi ndiye aliyeuliza. "Refa anasema kona ikipigwa wewe ulikuwa unamwangalia baba. Baba yako ni nani?"

"Baba yangu alifariki nikiwa sekondari."

"Pole. Basi ni baba wa mtoto."

"Yuko Nairobi."

"Sasa ni baba yupi?"

"Mama mkwe."

"Nimekuuliza baba."

"Ndiyo. Baba ni mama mkwe."

Akaweka kalamu chini. "Madam, mimi nimetoka mbali. Tusichezeane."

Mwenyekiti akacheka kwa pua. "Ni lugha, mkubwa. Kwa Kikisii baba ni mama."

"Na baba anaitwaje?"

"Tata."

"Haya. Kwa hivyo mama mkwe wako alisimama nyuma ya goli." Akageuka. "Mama mkwe wake si ni mke wa katibu wetu hapa?"

Nje mtu alikuwa anafagia. Bwana wa ligi akasoma ile sehemu ya mtu wa nyumba yake, taratibu, akionja kila neno. Kisha akaniuliza, "Alikuwa anakuonyesha nini?"

"Mtoto alilia."

"Watoto wote hulia. Kwa nini wewe usiangalie mpira?"

"Niligeuka."

"Sawa. Kwa nini uligeuka?"

Jibu lilikuwa neno moja. Lilikuwa mdomoni, limekaa juu ya ulimi kama kidonge. Na kwenye kona ya jicho langu kulikuwa na mkono wa koti ambao kila Ijumaa naufua mimi mwenyewe. Bwana wa ligi akangoja. Mwenyekiti alielewa, niliona jinsi alivyoanza kukagua viatu vyake. Angeweza kusema, "Mkubwa, kuna jambo huyu mama hawezi kulitaja hapa." Lakini kulitaja kwamba halitajwi nako ni kulitaja. Akakagua viatu.

Ndipo tata akasimama.

"Natoka kidogo," akasema.

"Mzee, tuko katikati ya kikao."

"Nimesema natoka." Akachukua kofia, akapita nyuma ya kiti changu kwa mbali kadiri chumba kilivyoruhusu, akafunga mlango.

Wakisii wote mle ndani walijua alichokifanya. Alinipa nafasi. Bwana wa ligi aliona mzee mwenye nyumba inayoshukiwa akikimbia maswali.

Nikasema. "Ni maziwa. Nilikuwa sijanyonyesha. Mtoto akilia maziwa hushuka, matiti yanauma kama jipu, na mtu hugeuka. Jezi ilikuwa imelowa, refa aliiona, alidhani ni jasho."

Mmoja wa wajumbe akakohoa. Bwana wa ligi akauliza kwa upole kabisa, "Tuandike hali ya mwili?"

"Andika maziwa."

Sijui aliandika nini. Akarudi kwenye karatasi ya sheria, akapitisha kidole, akasimama mahali. "Inasema mbele ya kamati nzima. Sasa hivi kamati si nzima. Katibu akirudi, utayarudia haya?"

Nikaangalia mlango.

"Basi hujajieleza," akasema. Wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasoma kilichoandikwa. Neno lile, nzima, lilikuwa limeandikwa na mwalimu asiyependa mambo nusunusu. Nikasimamishwa hadi nitakapojieleza.

Siku zilizofuata nilichuma chai. Nilinyonyesha, nikaosha vyombo, nikachuma tena. Mikono inafanya, wewe hupo. Golini aliwekwa msichana mdogo anayefumba macho mpira ukija. Kocha akapiga simu: wale askari wanakuja wiki ijayo, fanya kitu. Nifanye nini, nikamuuliza. Akasema, "Ongea na mzee wako." Yeye ni Mluhya, tumsamehe.

Lakini mzee ndiye aliyeanza. Jioni moja nilikuwa jikoni kwa baba, namenya ndizi. Tata alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, hatua chache tu, ametupa mgongo. Baba akatoka kwa mzee, akaja kwenye mlango wa jikoni.

"Mzee anasema, alitoka ili uongee."

"Mwambie niliongea."

Akaenda, akarudi. "Anasema anajua."

"Anajuaje na alitoka?"

Akaenda. Safari hii alikawia. Nilisikia tata akinong'ona, na baba akisema, "Ei! Ei!" Aliporudi alikuwa anauma leso asicheke, au asilie, kwake ni vigumu kutofautisha.

"Anasema alikuwa amesimama verandani. Dirisha lilikuwa wazi."

Nikaacha kisu.

"Alisikia?"

"Alisikia."

"Yote?"

"Mimi usiniulize yote. Alisikia."

Kwa hivyo kamati ilikuwa nzima. Wanne ndani, mmoja dirishani. Nilijieleza kwa kinywa changu mwenyewe, na jozi zote tano za masikio zilizotakiwa zilikuwepo. Kilichobaki ni mtu mmoja kwenda kusema nilisikia. Na mtu huyo angekuwa anasimama mbele ya wanaume wenzake na kutangaza kwamba alimsikiliza mke wa mwanawe akitaja matiti yake, na hakuondoka pale dirishani.

"Mwambie basi akaseme," nikasema. Sikushusha sauti. Kwa mara ya kwanza katika boma lile nilisema kitu nikitaka kifike kabla ya mjumbe. "Sheria ni yake. Alituambia tucheze kwa nguvu zote. Mimi yangu nilitoa, mwambie sasa ni zamu yake kutoka jasho."

Baba hakwenda. Hakukuwa na haja. Ule mgongo kule nje haukutikisika. Baadaye tata aliinuka akaingia ndani, na chakula chake kikarudi hakijaguswa. Baba akanitazama. "Umemchapa mwalimu," akasema.

"Nimemtuma tu."

Jumapili asubuhi alivaa koti akaondoka. Alirudi mchana, akapitia nyuma ya nyumba asipite mbele ya mlango wangu. Baba akaja kuniona.

"Amesema."

"Amesema nini?"

"Amesema alisikia."

"Wakamuuliza alisikia nini?"

"Nani amuulize?" baba akasema. "Mwenyekiti alimwambia, mwalimu, inatosha, keti. Yule wa Nairobi walimweleza kwa simu. Amesema kama katibu amethibitisha, basi kamati ilikuwa nzima. Utacheza."

Neno zima la aibu nililisema mimi. Yeye lake lilikuwa moja, lililofunikwa vizuri, na wakamwekea kiti. Najua alivyoumia. Hadi leo ananiepuka kuliko zamani. Nikiwa uani anazungukia kwenye migomba, na sadaka ya Sabato humpa baba ampe mtoto badala ya kumwekea mwenyewe mkononi. Najua. Lakini nilitaka mtu mmoja akasirike kwa niaba yangu, na badala yake wote wakamwonea huruma mzee.

Wale askari walikuja. Mtoto nilimwacha nyumbani na maziwa niliyokamua kwenye kikombe. Nilikuwa nimelala vizuri, mikono yangu ilikuwa mizuri. Ila kila mpira ulipopigwa nilisikia uwanja mzima ukininyamazia, ule ukimya wa watu wanaongoja kuona kama mtu atalegeza. Hivyo niliruka. Mpira wa juu niliruka. Wa chini niliruka. Ule wa kusimama tu na kuushika kama mkate, nao niliurukia nikaanguka nao. Nilirukia hata mipira inayoenda nje. Nilitoka pale nimejaa tope hadi masikioni, na vijana wa mkeka wakanipigia makofi. Hatukufungwa.

Afande mmoja mwanamke alizungumza na kocha pembeni, na kocha akaniletea maneno yake jinsi yalivyo. "Amesema mikono unayo. Lakini unaruka ovyo. Kipa mzuri lazima ajue mpira wa kuacha."

"Ulimwambia kwa nini?"

"Ningeanzia wapi?" kocha akasema.

Walimchukua beki wetu wa kulia. Nilimsaidia kufunga mzigo wake. Ni msichana mzuri.

Bado nacheza. Mtoto sasa anatambaa, ameanza kula ndizi, na maziwa yamepungua yenyewe bila kuniaga. Jumapili iliyopita mshambuliaji mmoja alipiga shuti lililokuwa linakwenda mbali kabisa na mlingoti, mtoto mdogo angeona. Nikaruka, nikatua kwa ubavu kwenye mchanga, ngozi ya kiwiko ikabaki pale. Nyuma ya goli baba alikuwa ameketi na mwavuli wake.

"Huo si ulikuwa unaenda nje?" akauliza.

"Ulikuwa unaenda."

"Sasa umeurukia nini?"

Nikainuka, nikatema mchanga, nikatazama kule walikokaa vijana wa mkeka.

"Wameniona?" nikamuuliza.